Wanachuo wa uhandisi wa mazingira kijijini kwetu: tathmini ya kozi, vipimo na chujio la floraidi

Kijiji chetu kipo upande wa mashariki wa Mlima Meru, wilayani Arumeru, na kwa miaka kadhaa sasa kimekuwa kikipokea wanafunzi wa shahada ya uhandisi wa mazingira kutoka chuo kikuu kimoja, ambao huja kufanya sehemu ya masomo yao kwa kushughulikia tatizo halisi la wananchi. Kwa kipindi chote hicho nimekuwa katibu wa chombo chetu cha watumia maji. Barua za kuomba wapokelewe zimepita mikononi mwangu, ripoti zao zimo kwenye kabati la ofisi yetu, na mitambo waliyotuachia tunaitunza mimi na fundi bomba wetu. Ninaandika kwa ajili ya kamati za maji, wenyeviti wa vitongoji na walimu wakuu ambao wameombwa, au wataombwa, kupokea kozi ya namna hii. Jina la chuo silitaji, kwa kuwa nimezungumza na makatibu wenzangu wa vijiji vya jirani waliopokea vyuo vingine na wote wameyakuta mambo yaleyale.

Niseme mapema maoni yangu. Kazi ya kupima maji waliyoifanya wanafunzi hawa ni huduma bora kabisa ya kitaalamu ambayo kijiji chetu kimewahi kuipata bila malipo, na kati ya nyota tano naipa zote tano. Chujio la kwanza walilolijenga katika shule ya msingi lilifanya kazi vizuri siku ya kukabidhiwa, lakini baadaye likawa hatari iliyojificha, na hilo nalipa nyota mbili. Kozi kwa ujumla naipa tatu na nusu. Kozi ilikuwa ileile na mhadhiri alikuwa yuleyule katika kazi zote mbili. Kilichozitenganisha ni kwamba kupima maji kunaweza kumalizika ndani ya muhula mmoja, lakini kuchuja maji hakumaliziki.

Kozi hii isichanganywe na mafunzo kwa vitendo ambayo wanachuo wetu huyafanya viwandani, kwenye kampuni za ujenzi au kwenye mamlaka za maji, ambako mwanafunzi huenda kujifunza kazi ya mwajiri. Hapa jamii ndiyo inayoeleza shida yake, wanafunzi huitafutia ufumbuzi chini ya usimamizi wa mhadhiri, na alama zao hutokana na kazi hiyo pamoja na maandishi ambamo kila mmoja hueleza alichojifunza kutoka kwa watu aliowahudumia. Mtindo huu, ambao kwa Kiingereza huitwa service-learning, ulipata jina na muundo wake nchini Marekani katika miaka ya 1960. Katika vyuo vya uhandisi uliingia kwa nguvu baada ya Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana, kuanzisha mwaka 1995 programu ya EPICS, ambayo wanafunzi wake hubuni vifaa na mifumo kwa ajili ya mashirika ya kijamii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Profesa Bernard Amadei wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, alifanya kazi na wanafunzi wake kwenye mradi wa maji katika kijiji cha San Pablo nchini Belize, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Engineers Without Borders (Wahandisi Wasio na Mipaka) la Marekani. Kwetu, vyuo vikuu hujieleza kwa majukumu matatu ya kufundisha, kutafiti na kutoa huduma kwa jamii, na kwa kweli sijaona mahali pengine ambapo majukumu hayo yote matatu yanafanyika kwa pamoja kama kwenye kozi hii.

Shida yetu sisi ni floraidi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji. Maji yanayotoka Mlima Meru hupita katika miamba na majivu ya volkano, na humo hubeba floraidi kwa wingi unaotofautiana sana kutoka chanzo kimoja hadi kingine. Mto Maji ya Chai, ambao jina lake limetokana na rangi yake, unajulikana kwa kuwa na floraidi nyingi kupita kiasi, na maziwa ya Momela yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha yana nyingi zaidi. Katika miaka ya 1970 Tanzania iliruhusu maji ya vijijini yawe na hadi miligramu 8 kwa lita, kwa sababu vyanzo mbadala vilikuwa haba; baadaye kiwango kilishushwa hadi miligramu 4, na sasa ni 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Madhara yake mtu yeyote aliyepita Arusha na Meru ameyaona. Meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na pale ambapo maji ni mabaya zaidi, wapo watoto ambao miguu hupinda na wazee ambao migongo na viungo hukakamaa. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya kwetu haina ladha. Nawaomba wasomaji waikumbuke sifa hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotuponza baadaye.

Kundi la kwanza lilifika wakati wa masika, muhula wa pili wa chuo. Walijitambulisha kwa mtendaji wa kijiji, wakazunguka kwa mabalozi wa nyumba kumi, kisha wakaanza kwenda kwenye chemchemi, visima, mifereji na vilula vyetu vyote, wakiongozwa na vijana wa kijiji wanaojua njia. Niliwafuata mara nyingi na nilipenda nidhamu yao. Kila asubuhi walianza kwa kupima vimiminika ambavyo kiwango chake cha floraidi kinajulikana, ili kuhakikisha kwamba kipimo hakidanganyi. Penye chemchemi, binti mmoja alipiga magoti kwenye mawe, akakinga maji kwa kikombe kidogo cha plastiki, akaongeza dawa ya kusawazisha sampuli, akazamisha elektrodi, yaani kijiti cha kipimo chao, na kusubiri namba zilizokuwa zikicheza kwenye kioo zitulie. Zilipotulia alizisoma kwa sauti, mwenzake akazirudia na kuziandika, kisha elektrodi ikasuuzwa kwa maji ya maabara na kazi ikaanza upya kwa sampuli ya pili ya chanzo kilekile. Nilipomuuliza kwa nini anarudia, alinijibu, "Mzee, namba moja ni ushahidi wa mtu mmoja." Nimefanya kazi na makandarasi wa visima waliopima maji mara moja tu, tena baada ya pampu kufungwa.

Vipimo hivyo vilitufunulia jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilijua kwa hakika. Chemchemi mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya korongo moja, ambazo kwa vizazi vingi tumezichukulia kuwa ni maji ya aina moja, zilitofautiana vibaya: ya upande wa juu ilikuwa chini ya kiwango cha taifa, na ya upande wa pili, iliyokuwa ikipendwa zaidi kwa sababu ipo karibu na barabara, ilikipita mara kadhaa. Wanafunzi walichora ramani ya vyanzo vyote kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, kwa rangi za mafuta. Kijani ni maji ya kunywa na kupikia, njano ni ya tahadhari, na nyekundu ni ya kufulia, kuogea na kumwagilia tu. Baada ya mkutano mkuu wa kijiji, chemchemi ya juu ilijengewa kisima cha zege na kutengwa kwa maji ya kunywa na kupikia, na akina mama wa vitongoji viwili wakabadilisha njia ya kuchotea. Saruji na nguvu kazi tulitoa wenyewe. Hakuna chujio, hakuna umeme, hakuna dawa ya kununua. Kwa mahitaji ya kunywa na kupikia, ambayo ni sehemu ndogo tu ya maji yote ya nyumbani, suluhisho lilikuwepo pale korongoni siku zote.

Jambo la pili ambalo kundi hilo lilitufanyia, na ambalo nalisifu kwa moyo wote, ni somo walilolitoa kwenye kikundi cha vikoba cha akina mama. Wengi wetu tulikuwa tukiamini kwamba maji yakichemshwa yanakuwa salama kwa kila kitu. Wanafunzi walichukua maji ya mto, wakayapima mbele ya watu, wakayachemsha kwenye sufuria bila kufunika hadi yakapungua, wakaacha yapoe na kuyapima tena. Namba ilipanda, kwa sababu maji huondoka kama mvuke na floraidi hubaki. Kuchemsha huua vijidudu, na bado kunapaswa kuendelea, lakini hakuondoi madini. Kisha mama mmoja akawapa kipande cha magadi kutoka kwenye mfuko wake, magadi yaleyale tunayoyatia kwenye makande na maharage ili yaive haraka. Waliyayeyusha kwenye maji ya mvua, ambayo muda mfupi kabla yalikuwa karibu hayana floraidi kabisa, na namba ikaruka juu kiasi kwamba ukumbi mzima ulinyamaza. Tangu siku hiyo nimesikia mama wakwe wakiwakataza wake za wana wao kupikia magadi chakula cha watoto wadogo, na hao ndio wenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi katika miaka takriban minane ya mwanzo ya maisha.

Kasoro ya kazi hii ilikuwa moja, na ilitokana na kalenda. Maji ya mto yalipimwa wakati mvua inanyesha, ambapo mto umejaa na floraidi imezimuliwa, na ambapo nusu ya kijiji hukinga maji ya paa. Wakati ambao watu wanautegemea mto huo kwa kunywa ni kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, na miezi hiyo ndiyo likizo ndefu ya chuo. Kamati yetu iliomba kwa maandishi kwamba vipimo virudiwe mwezi Septemba. Vilipatikana mwaka uliofuata tu, baada ya mwanafunzi mmoja wa uzamili kujitolea kurudi, na namba za kiangazi zilikuwa mbaya kuliko za masika kiasi cha kubadilisha rangi ya sehemu tatu za ramani kutoka njano kuwa nyekundu. Kijiji chochote kitakachopokea kozi ya kupima maji kiulize swali hili kabla ya mengine yote: ni nani atakayekuja kupima wakati wa ukame?

Sasa niliseme chujio. Kundi lililofuata lilipewa kazi ya kubuni mtambo wa kuondoa floraidi katika shule ya msingi, ambayo bomba lake linatoka kwenye chanzo chenye alama nyekundu na ambayo haiwezi kuhamia chemchemi ya juu. Walizilinganisha njia mbili. Ya kwanza ni ya shabu na chokaa, iliyotengenezwa nchini India na kupewa jina la Nalgonda, ambayo inahitaji mtu wa kupima na kukoroga dawa kila siku. Ya pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa ili kutoa mafuta, huchomwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa nyingi kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, husagwa kuwa punje ndogo, husafishwa, kisha hupangwa kwenye tangi ili maji yapite polepole katikati yake na madini ya mfupa yaidake floraidi. Walichagua mifupa, na nadhani walichagua sawa, kwa sababu mifupa ipo, shule haina mtu wa kukoroga dawa, na njia hiyo imetumika kwa miaka mingi katika ukanda huu. Ng'ambo ya mpaka, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru nchini Kenya ilitengeneza vichujio vya aina hiyo kwa miaka mingi, na hapa kwetu Wizara ya Maji ina kituo chake cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto. Ilinisikitisha kwamba wanafunzi walikuwa wamekwisha kuchora mtambo wao kabla ya kujua kwamba kituo hicho kipo jirani nao, tuliwapeleka sisi. Mhadhiri anayeleta kozi kijijini anapaswa kujua ni nani aliyekwisha kuifanya kazi hiyo katika eneo hilo.

Katika mkutano wa kuutambulisha mradi kulitokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa somo kubwa kuliko mihadhara yote ya muhula. Bibi mmoja aliyekula chumvi nyingi aliomba kusema. Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," kisha akauliza kwa upole, "Hiyo mifupa ni ya mnyama gani, na amechinjwa na nani?" Kundi zima lilitazamana. Walikuwa wamekokotoa ukubwa wa punje, kasi ya maji na uzito wa mkaa, lakini swali hilo halikuwamo. Shule yetu ina watoto wa Kikristo na wa Kiislamu, na mzazi asiyejua mfupa umetoka wapi hatamruhusu mtoto wake kunywa maji yaliyopita humo. Nawasifu vijana hao kwa sababu hawakujaribu kumzima bibi kwa maneno ya kisayansi. Walikubali kwamba hawana jibu, na wiki hiyohiyo walikwenda machinjioni pamoja na shehe wa msikiti wetu na mzee wa kanisa, wakakubaliana na wenye mabucha kuhusu mifupa ya kuchukuliwa, wakafungua daftari ambamo kila mzigo unaandikwa umetoka wapi na umepokelewa na nani. Daftari hilo lipo hadi leo. Limefanya zaidi kulinda chujio hilo kuliko bomba lolote lililofungwa pale, kwa kuwa hakuna mzazi hata mmoja aliyelikataa.

Uchomaji wenyewe ulifanyika kijijini kwenye tanuri la matofali ya kuchoma, na hapo vijana wa bodaboda, wauza matofali na wanafunzi walijifunza pamoja. Mfupa ulioiva vizuri hutoka mweusi au wa kijivu. Ukibaki wa kahawia haujaiva, na utayatia maji rangi na harufu mbaya. Ukiwa mweupe kabisa umeungua kupita kiasi na nguvu yake ya kudaka floraidi imepungua. Mafundi matofali wetu waliishika rangi hiyo haraka kuliko wanachuo, kwa sababu kuutazama moto ndiyo kazi yao ya kila siku, na mhadhiri alifanya jambo la busara alipowaweka wao kuwa wasimamizi wa tanuri.

Chujio lilizinduliwa mbele ya diwani, walimu na wazazi. Maji ya sampuli yalipelekwa maabara na majibu yakaja chini ya kiwango. Wanafunzi walipiga picha, waliandika ripoti zao, walipata alama zao, ambazo naamini walizistahili, na wakaondoka.

Mkaa wa mifupa huchoka. Kila lita inayopita huacha floraidi yake kwenye punje, na punje zikijaa, maji yanatoka upande wa pili kama yalivyoingia. Itachukua muda gani inategemea wingi wa floraidi kwenye chanzo na wingi wa maji yanayochotwa, na ndiyo sababu kila chujio la namna hii linahitaji ama kupimwa mara kwa mara ama kufungiwa dira inayohesabu lita zilizopita. Chujio letu halikuwa na dira. Ripoti waliyotuachia ilikuwa nene, kwa Kiingereza, yenye milinganyo na michoro safi, na habari za matunzo zilikuwa ukurasa mmoja uliosema kwamba mkaa ubadilishwe "utakapokwisha nguvu", bila kueleza mwalimu wa zamu atajuaje. Kuhusu mkaa uliochoka, ilisema ufukiwe, bila kutaja ufukiwe wapi wala umbali gani kutoka kwenye vyanzo vya maji. Nilipopeleka sampuli maabara kwa fedha za chombo chetu, majibu yalionyesha kwamba maji ya koki ya chujio yalikuwa karibu sawa na ya bomba la kawaida. Watoto walikuwa wakipanga foleni kunywa maji ya alama nyekundu wakiamini kwamba ni salama, na baadhi ya wazazi walikuwa wameacha kuwafungia maji ya chemchemi ya juu kwenye chupa za kwenda nazo shuleni. Mtambo wa maji unapoharibika kwa kawaida hukauka, na watu hulalamika siku hiyohiyo. Huu uliharibika huku ukiendelea kutoa maji maangavu.

Tulipoandika barua chuoni, tulijibiwa kwa heshima kwamba wahusika wamehitimu, kwamba mhadhiri yupo masomoni, na kwamba darasa la mwaka huo limepangiwa mada ya taka ngumu. Sikuona nia mbaya popote. Niliona kozi iliyopangwa ikamilike kwa mwanafunzi, na ambayo haikupangwa ikamilike kwa shule. Wanafunzi hawa si wahandisi waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na haiwezekani kumdai kijana wa mwaka wa tatu arudi kubadilisha mkaa akiwa ameshaajiriwa Mwanza. Anayebaki ni idara, na idara ndiyo inayopaswa kuweka jina lake kwenye mtambo.

Wenye uzoefu mrefu wa kazi hii wamekwisha kukutana na tatizo hilo na wamelitafutia njia. Kule Purdue, timu ya EPICS haivunjwi muhula unapokwisha; wanafunzi wanaomaliza hukabidhi kwa wanaoingia, na shirika linalohudumiwa hushughulika na timu ileile kwa miaka. Engineers Without Borders ya Marekani huwataka wanachama wake wafunge uhusiano wa miaka isiyopungua mitano na jamii kabla ya kuanza kujenga. Shirika la Kanada lenye jina hilohilo lilianza mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa likaendelea, kutoa ripoti ya miradi yake iliyoshindwa, likieleza hadharani kilichoharibika na sababu yake, na natamani kila idara ya uhandisi katika nchi yetu ingetoa karatasi ya namna hiyo, hata kama ni kurasa mbili, ikibandikwa kwenye ofisi ya kijiji husika. Nchini Mexico huduma ya jamii ni sharti la kuhitimu chuo kikuu, kwa saa zisizopungua 480 ndani ya muda usiopungua miezi 6. Miezi sita ingetosha kuona masika na mwanzo wa kiangazi.

Mhadhiri alipotoka masomoni alikuja mwenyewe, akakaa na kamati, akasikiliza yote, na darasa lililofuata likalifungua chujio na kulijenga upya. Safari hii lina dira. Kwenye ubavu wa tangi kumeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mwanafunzi wa darasa la nne anazisoma, namba ya dira ambayo ikifikiwa koki inafungwa na katibu anaitwa. Mkaa wa akiba upo kwenye pipa lililofunikwa ndani ya stoo ya shule, na mafundi matofali hulipwa na chombo chetu wanapochoma mwingine. Shimo la mkaa uliochoka limechimbwa mbali na mifereji. Chujio hili la pili nalipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu bado tunategemea maabara ya mbali kwa kipimo cha uhakika, na fedha za kipimo hutoka kwenye makusanyo yaleyale ya ndoo ambayo hulipia vipuri vya pampu.

Gharama kwa kijiji zilikuwa za wastani: malazi kwenye nyumba za walimu, chakula, na muda wa vijana waongoza njia, ambao mwanzoni hawakulipwa na ambao sasa tunadai walipwe posho kama msaidizi mwingine yeyote wa utafiti.

Kwa kamati inayofikiria kupokea kozi ya aina hii, ushauri wangu ni ipokeeni, lakini msianze na ujenzi. Ombeni mwaka wa kwanza uwe wa kupima na kuchora ramani peke yake, katika masika na katika kiangazi, kwa sababu huenda mkagundua, kama tulivyogundua sisi, kwamba chanzo salama kipo umbali wa kutembea na hakuna haja ya mtambo. Ofisi ya wilaya ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ijulishwe tangu barua ya kwanza, kwa kuwa chochote kinachofungwa kwenye bomba la kijiji kitabaki chini ya uangalizi wake. Maelezo ya matunzo yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe mbele ya atakayeyatumia kabla ya uzinduzi. Zaidi ya yote, idara ikubali kwamba kazi ya kwanza ya kila darasa jipya, yenye alama zake kamili, ni kuja kukagua kilichoachwa na darasa lililotangulia na kuandika hali yake. Mwanafunzi wa uhandisi hujifunza mengi kwa kujenga, na hujifunza yasiyopungua hayo kwa kufungua tangi la mtu mwingine na kutafuta kwa nini halifanyi kazi.

Barua ya mwaka huu imekwisha kufika, ikiomba kuleta wanafunzi mwezi Machi kwa mradi wa vyoo vya shule na maji ya kunawia mikono. Mkutano wa kamati umeijibu kwa masharti matatu: waanze kwa kukagua chujio na kulinganisha dira na kipimo cha elektrodi, waache nakala ya namba zote kijijini, na chuo kigharamie vipimo vya Septemba. Mhadhiri amekubali mawili ya kwanza kwa maandishi. La tatu bado linajadiliwa kati ya chuo na ofisi ya maji ya wilaya.